Bao la kete na nakshi za vigae: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni fundi wa mozaiki, karakana yangu iko Unguja. Kazi inayonitambulisha ni moja: natia nakshi mabao ya kete kwa vipande vya kauri, vigae na vioo. Maswali ya wateja yanafanana, na nimechoka kuyajibu moja moja usiku huku vidole vimejaa gundi. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yake. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kuliko yanavyostahili, mengine kwa ufupi. Ndivyo yalivyo.

Bao unalichonga mwenyewe?

Hapana. Bao nalipata kwa seremala, limeshachongwa mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane. Mimi nachimba mfereji mwembamba kwenye ukingo na kwenye kuta zinazotenganisha mashimo, kina chake kama milimita tano, halafu naujaza vipande. Watu wa siku hizi wanaita mozaiki. Bibi yangu angeita njumu, ingawa njumu anazozijua yeye ni za fedha, shaba au pembe zilizopachikwa kwenye mbao, kama zile za viti vya enzi vya Lamu. Simpingi. Tofauti ya kazi yangu na hiyo ni malighafi tu: wao walikuwa na fedha, mimi nina sahani zilizovunjika.

Kwa nini bao? Meza na fremu za vioo si zinauzika zaidi?

Zinauzika zaidi, ndiyo, na nikibanwa na kodi ya chumba huzitengeneza. Ila meza haina la kuniambia. Bao lina maneno yake. Lina nyumba, lina kichwa, watu wanakula, wanalala, wanatafuta mtaji. Ukisikiliza watu wawili wakicheza bila kuwaona, utadhani wanasimulia maisha ya mtaa mzima. Kwa hiyo alama siendi kuzitafuta mbali, nasikiliza mchezo wenyewe umeliitaje shimo lile, kisha nakwenda kutafuta kitu hicho hicho mtaani kwetu kina sura gani. Shimo linaitwa nyumba. Haya, nyumba zetu zinajulikana kwa nini? Kwa mlango.

Ndiyo kanuni pekee niliyo nayo, na majibu mengi hapa chini yametoka humo.

Basi nieleze, alama gani inakaa wapi?

Tuanze na nyumba. Ukikaa mbele ya bao, nyumba yako ni shimo la tano kutoka kushoto kwako katika safu ya mbele. Mabao mengi hulichonga kwa umbo la mraba ili lijulikane. Mwanzo wa bao la kiswahili unaweka kete 6 humo, 2 katika shimo linalofuata kulia, 2 tena katika linalofuata hilo, na 22 unabaki nazo mkononi. Yaani nyumba ndiyo akiba yako, unailinda mpaka siku ya kuivunja. Kuzunguka mraba huo najenga fremu ya mlango wa Kizanzibari: miimo miwili kwa mnyororo, kizingiti cha juu kwa maua ya yungiyungi, na chini, pale ambapo mlango wa kweli hugusa kizingiti cha chini, naweka mgongo wa samaki kwa vipande vya buluu vilivyolaliana kama magamba. Nyumba moja hunila siku mbili. Vipande vyake ni vidogo, vingi havizidi punje ya mchele kwa upana, na kila kimoja nakishika kwa kibano.

Kichwa ni shimo la mwisho kila upande wa safu ya mbele. Kichwa kinavaa nini? Kofia ya viua. Kwa hiyo ukingo wa shimo la kichwa naupa duara la vipande vyeupe na visivyo vyeupe sana, rangi ya uzi wa hariri uliokaa kabatini, kwa mpangilio ule ule wa viua unaouona kwenye kofia ya mzee anayetoka msikitini Ijumaa. Kimbi, shimo linalofuata baada ya kichwa, silipi ua. Nalipa mstari mmoja tu wa rangi ile ile ya kichwa chake. Hapa kuna faida ambayo sikuikusudia mwanzoni: ukila kutoka kichwa au kimbi, yaani ukizichukua kete za mwenzako, lazima uanze kuzisambaza kwenye kichwa cha upande ule ule, na anayejifunza huwa anasahau. Sasa anaiona rangi. Mwalimu mmoja wa mchezo aliniambia bao langu linamharibia kazi, kwa sababu wanafunzi hawamuulizi tena.

Ukingo wa nje wa bao zima naufanya kama pindo la kanga. Kanga ina pindo, mji na jina. Bao nalo, ukilitazama kwa juu, ni kanga iliyokunjuliwa: pindo pembeni, mashimo ndiyo mji, na katikati, kwenye ukuta mnene unaotenganisha wachezaji wawili, kuna nafasi ya jina. Pindo huwa najaza vikorosho au nukta. Jina ni shauri la mteja. Yanayopendwa ni "Mcheza kwao hutunzwa" na "Haba na haba hujaza kibaba", na hili la pili lina ukweli kwenye bao kuliko mahali pengine popote, muulize aliyekaa akahesabu kete moja moja zikigeuka ushindi.

Jina huandikwa mara mbili, kila mstari ukimtazama mchezaji wake. Nimewahi kuandika upande mmoja tu. Yule wa upande wa pili alicheza mchezo mzima akilalamika kwamba bao si lake.

Mbona nakshi za pande mbili hazitazamani kama kwenye kioo?

Swali zuri, na jibu lake lilinigharimu bao zima. Nyumba yako ni ya tano kutoka kushoto kwako. Nyumba ya mwenzako ni ya tano kutoka kushoto kwake yeye, na kushoto kwake ni kulia kwako. Hivyo nyumba mbili hazikai uso kwa uso, zimepishana kwa shimo moja. Bao halina sura ya kioo, lina sura ya kuzunguka: ligeuze nusu mzunguko, litakuwa vile vile lilivyokuwa.

Mimi bao langu la kwanza nililichora nusu kwenye karatasi, nikaikunja na kupiga chapa upande wa pili. Mashimo ya bao lile yalikuwa ya duara yote, hayana mraba wa kunionya. Nikapachika milango miwili ikatazamana vizuri sana, ukaipenda. Nikalipeleka barazani kwa mbwembwe. Mzee mmoja akalitazama, akaweka kete zake, akahesabu, akahesabu tena, akasema, "Mwanangu, nyumba hii ya nani?" Nikarudi nalo nyumbani. Mpaka leo ni trei ya vikombe.

Mnyororo si alama ya utumwa?

Itategemea umemuuliza nani. Waongoza watalii wengi wa Mji Mkongwe husema mlango wenye mnyororo ulikuwa wa mfanyabiashara wa watumwa. Wachongaji na watu wazima niliowauliza hunijibu kwamba ni ulinzi, nyumba imefungwa, shari isiingie. Nakshi hiyo hiyo utaikuta ikizunguka milango ya watu wa kila aina. Mimi nauweka kwa maana ya ulinzi, kwa kuwa nyumba ya bao ni ya kulindwa. Ila mteja akiniambia hautaki, siulizi sababu, natia kamba iliyosokotwa badala yake. Katika mji uliokuwa na soko la watumwa, mtu ana haki ya kutoutaka mnyororo sebuleni kwake.

Samaki hana ugomvi: riziki na uzazi. Mtende ni neema. Yungiyungi wengine husema ni uzazi, wengine uhai unaorudi. Nimeacha kubishana.

Mozaiki si mambo ya Warumi na Wamorocco? Sisi tunaingiaje?

Nenda Kunduchi, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam, utazame makaburi ya nguzo. Nenda Kaole, karibu na Bagamoyo. Nenda Mambrui, kaskazini ya Malindi. Utakuta makaburi ya mawe ya matumbawe yenye nguzo, na kwenye nguzo zile watu wa pwani walipachika mabakuli na sahani za kauri kutoka China, zikitazama nje. Nyingine zimebaki alama za duara tu, chombo kimeshang'olewa. Ndani ya nyumba za Lamu na Pate kulikuwa na vidaka, safu kwa safu za vishubaka vya chokaa, na humo vyombo vya kauri vilipangwa ukutani kama nakshi.

Sisemi hiyo ni mozaiki ya kukata vipande vidogo. Siyo. Lakini wazo la kuchukua sahani, chombo cha kulia, na kukitia kwenye chokaa ili kipambe na kimheshimu mtu, hilo lilikuwapo huku kabla ya Mreno kuanza kuijenga Ngome ya Yesu mwaka 1593. Kwa hiyo ninapokata sahani ya buluu na nyeupe sijisikii kwamba naiga mtu.

Naweza kukuletea vigae vya kale nilivyookota kwenye magofu?

Usiniletee. Ni kosa la kisheria. Tanzania Bara ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu 1964, Kenya ina sheria yake ya makumbusho na urithi ya 2006. Na hata sheria ingenyamaza, kipande kile pale chini kinamwambia mtafiti nyumba ilikuwa ya karne gani. Kwangu kitakuwa nukta ya buluu, na nukta za buluu ninazo ndoo mbili.

Je, vyombo vyangu mwenyewe vilivyovunjika?

Hivyo niletee, tena kwa furaha. Kusema kweli hii ndiyo sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote.

Sahani ya kauri, bakuli, birika la chai, kigae cha ukutani: vyote vinafaa. Melamini haifai, haikatiki, inachanika tu. Bati la rangi halifai. Glasi nyembamba ya kunywea maji hupasuka ovyo, ila chupa nene ni nzuri, na vioo vilivyosuguliwa na bahari ni vizuri zaidi kwa sababu makali yameshakufa. Usivivunje zaidi kabla ya kuleta. Watu wengi hudhani wananisaidia, wanatia sahani kwenye mfuko na kuipiga nyundo, wananiletea unga. Nahitaji kipande kikubwa nichague mwenyewe pa kukata, maana ua zuri la sahani mara nyingi liko katikati na ukiligonga limekwenda.

Kuna bibi mmoja aliniletea finjani sita za kahawa, zote zimevunjika mikono au midomo. Marehemu mumewe alikuwa akinywea barazani, na bao lilikuwa lake. Finjani ni ndogo na zimepinda, kuta zake hazilali kwenye mbao hata ufanyeje. Nilizigeuza huku na huku wiki nzima. Siku moja nikazipindua kifudifudi nikaona: kitako cha finjani ni duara kamili, tambarare, kama sarafu. Nikavikata vitako sita, vinne nikaviweka kwenye pembe nne za bao, viwili nikavifanya macho ya samaki wa kila nyumba. Kuta zilizopinda nilizikata vipande vyembamba kama njiti, maana kitu kilichopinda ukikikata chembamba vya kutosha kinakuwa kimenyooka. Alipokuja kuchukua hakusema neno kuhusu nakshi. Aliweka kidole kwenye kitako kimoja, akasema, "Hii ilikuwa na ufa hata kabla hajaivunja." Ufa upo kweli, unaonekana.

Mbona ndani ya mashimo hakuna nakshi? Pangependeza.

Pangependeza kwa picha. Mchezaji wa bao anachota kete kwa vidole vyote kwa haraka, anasomba shimo hadi chini, zamu baada ya zamu. Kigae kimoja chenye ncha humo ndani ni damu. Halafu kuna sauti: kete kwenye mbao inatoa mlio mkavu wa kupendeza, kwenye kigae inapiga kelele kama sahani zinaoshwa.

Sababu kubwa zaidi ni macho. Mchezaji mzuri hahesabu kwa kugusa, anatupa jicho kwenye shimo na kujua ni tano au sita, kisha anapiga hesabu ya mwendo mzima kichwani. Shimo likiwa na rangi rangi, jicho linapotea. Hata kwenye kingo nimejifunza kutotumia vipande vya kijivu vya mviringo, kwa sababu kete zenyewe ni za kijivu na za mviringo. Bao langu la tatu lilikuwa na ukingo wa nukta za kijivu. Wachezaji walikuwa wakinyoosha mkono kuchota nakshi.

Wachezaji wa barazani wanalionaje?

Mwanzoni vibaya. Mji Mkongwe kuna mabaraza ambayo kahawa na bao havikauki, Jaws Corner ni mojawapo inayojulikana hata na wageni, na wenyeji wa mabaraza hawataki kitu kipya kwa kuwa tu ni kipya. Niliambiwa bao la maua ni la wanawake. Niliambiwa nimeligeuza keki. Kilichowageuza ni jambo dogo la ufundi: nakshi yangu haisikiki kwa mkono. Nikimaliza kusaga, napitisha upande wa mtandio wa hariri juu ya bao zima, polepole. Ukikwama uzi mmoja tu, narudi kwenye jiwe la kusugulia. Mzee mmoja alifumba macho, akapapasa ukingo, akauliza, "Umepaka rangi?" Hilo kwangu ni zaidi ya malipo.

Bado wapo wasiolitaka, na wana haki. Mmoja wao ni mchezaji bora wa mtaa wetu. Anachezea bao lililopasuka na kuunganishwa kwa misumari, na anatufunga sote.

Bao langu limeota nyufa. Kosa lako au langu?

Kama lilitoka kwangu zamani, kosa langu. Mbao inatanuka na kusinyaa kwa upana wake kadiri ya unyevu, saruji haitanuki. Masika bao linavimba, kaskazi linakauka, na katikati yao grauti ngumu, ile saruji inayoziba nafasi kati ya vipande, inapasuka. Niliwahi kupeleka bao kwa familia moja ya Kizanzibari huko Muscat. Unguja lilikuwa salama. Kule likakaa sebuleni chini ya kiyoyozi kinachounguruma mchana kutwa, hewa kavu kama kaukau, na baada ya miezi michache nikatumiwa picha: kizingiti kizima cha nyumba kimeinuka kama ulimi.

Tangu hapo nimebadili mambo matatu. Mbao lazima iwe imekaa kivulini muda mrefu ikauke kwelikweli. Napenda mfenesi, ule wa manjano unaokuja kuwa kahawia kadiri miaka inavyokwenda, au mninga. Gundi iwe inayonyumbuka. Na grauti iwe ile iliyochanganywa na lateksi, isiwe saruji nyeupe ya kopo pekee. Bado siahidi kwamba bao halitapasuka kamwe. Mbao ni mbao.

Kete ninapata kutoka kwako?

Ndiyo, 64 na mbili za akiba, maana kete zina tabia ya kuingia chini ya makochi. Ni komwe, mbegu za mkomwe, mmea wa miiba unaoota karibu na ufuo. Hata ganda la tunda lake lina miiba. Ngumu, laini, baridi mkononi. Usinunue gololi za kioo kwa ajili ya bao lenye nakshi. Zinateleza na zikidondoka juu ya kigae mojawapo itaumia.

Kuna mteja aliyetaka kete nizipake rangi mbili, za huyu na za yule. Nikamweleza kwa upole kwamba katika bao kete hazina mwenyewe. Leo zako, ukiliwa ni zangu.

Naishi Kampala / Kigali. Unaweza kunitengenezea la kwetu?

Naweza, lakini niambie mapema, msidhani ni bao lile lile. Omweso wa Uganda na igisoro cha Rwanda yana mashimo 32 na kete 64 kama letu, ila hayana nyumba. Nikikuwekea mlango wa Kizanzibari kwenye omweso nimekutilia chumba kisicho na kazi. Kwa igisoro kimoja nilitumia mistari ya imigongo, ile sanaa ya mashariki ya Rwanda inayotengenezwa kwa samadi ya ng'ombe na kupakwa rangi, nyeusi, nyeupe na nyekundu, pembe kali zinazofuatana. Kwa mozaiki mistari ile ni rahisi kuliko ua la yungiyungi, kwa kuwa kigae hupenda kukatika moja kwa moja. Omweso sijautengeneza bado. Nimewaza kitambaa cha magome ya mti, olubugo, lakini namna ya kukilaza kando ya kauri bila kuchafuka grauti sijaigundua.

Unaandika aya za Qurani?

Hapana. Bao huwekwa chini, watu huketi na miguu ikilielekea, hulirushia maneno wanapofungwa. Si mahali pake. Sura za watu pia siweki, na samaki wangu ni samaki wa milangoni, magamba na mawimbi, zaidi nakshi kuliko kiumbe.

Pembe, ng'amba, simbi?

Pembe ya ndovu hapana, hata kama ni ya urithi. Biashara yake ya kimataifa ilikatazwa kwa makubaliano ya mwaka 1989. Gamba la ng'amba hapana, kasa yule ameshaandamwa vya kutosha. Mfupa wa ng'ombe uliochemshwa na kusuguliwa hutoa weupe ule ule, na bucha hawaulizi kibali. Simbi natumia zile tu zilizokwisha kufa na kusukumwa ufuoni, tena chache, kwa sababu zinaoza rangi.

Huchukua muda gani? Bei je?

Wiki tatu hadi tano. Bei inategemea ukubwa wa vipande kuliko ukubwa wa bao: kadiri vinavyokuwa vidogo ndivyo siku zinavyoongezeka. Jina la maneno mengi ni ghali. Chagua methali fupi.

Nitalitundika ukutani, inawezekana kulitia kitanzi?

Inawezekana, na nimeshafanya mara nyingi. Moyo huniuma kidogo. Omba walau kete nikupe pamoja nalo, na kitanzi nitakifunga cha kutoka.

Nataka kujaribu mwenyewe. Nianzie wapi?

Usianze na bao. Anza na drafti. Ubao wa drafti ni tambarare, miraba 64, rangi mbili, hauna mashimo wala kuta, na ukiharibika hakuna aliyekuchongea kwa wiki mbili. Chukua plaiwudi nene, chora miraba kwa penseli, kata vigae kwa koleo la vigae, pachika kavu kwanza bila gundi mpaka upendezwe. Kata ndani ya mfuko wa nailoni unaopitisha mwanga, na uvae miwani. Cheche ya kauri huruka kuelekea jicho kana kwamba imetumwa. Futa grauti kabla haijakauka kabisa. Kila anayeanza huisahau hii, akaja kuikwangua kesho yake kwa kisu na machozi. Kete za drafti tumia vizibo vya soda kama kawaida.

Ukimaliza drafti mbili, njoo tuzungumze bao.

Nalisafisha vipi?

Kitambaa chenye unyevu, si maji ya kumwaga. Ndani ya mashimo paka nta ya nyuki kidogo mara mbili kwa mwaka. Sabuni ya unga weka mbali. Finjani ya kahawa unaweza kuiweka juu ya ukingo, nimeujaribu sana kwa hilo.

Kipande kikidondoka?

Usikibandike kwa gundi ya papo kwa papo, itageuka njano na kitakaa juu juu, kishike mtandio. Kiweke ndani ya kibweta pamoja na kete mpaka uniletee. Kabla ya kuanza mchezo hesabu kwanza: mkiona mmoja ana kete 33 mkononi, moja ni yangu.